Miaka miwili na nusu ndani ya kampuni kubwa ya teknolojia Marekani: nilichovuna na kilichonitoka

Mpwapwa_Seattle (mleta mada)

Wakuu, heshima mbele.

Haipiti wiki bila kijana wa kompyuta kuniandikia: "Kaka, nataka kuingia kampuni kubwa za Marekani, nianzie wapi?" Kujibu mmoja mmoja WhatsApp kumenishinda, kwa hiyo nashusha uzi, kila mtu achote kinachomfaa. Jina la kampuni silitaji, msihangaike kuuliza. Kuna karatasi nilisaini siku ya kuondoka.

Wasifu kwa kifupi: miaka minne benki Dar nikiandika mifumo, nikaenda kusoma shahada ya pili Marekani 2018, nikaajiriwa Seattle Julai 2020, nikapigwa panga Januari 2023. Sasa niko kampuni ya bima huko Ohio. Haina jina, haina chakula cha bure, na usiku nalala.

Tuanze na hela, maana najua ndizo zilizowaleta. Mshahara dola 155,000 kwa mwaka, bonasi juu yake, na hisa za dola 200,000 zinazotolewa kidogo kidogo kwa miaka 4. Jimbo la Washington halitozi kodi ya mshahara, unakatwa ya serikali kuu tu na michango ya uzeeni. Chumba na sebule nilipanga dola 2,300 kwa mwezi. Ukitoka kwenye mshahara wa benki ya Dar ukaziona hizo namba unapata kizunguzungu, na mimi nilikipata. Mwaka wa kwanza nilipaua nyumba ya mama Mpwapwa na kulipa ada za wadogo zangu wawili bila kukopa. Mwaka wa pili kidole tumbo kikanilaza. Hospitali ikaleta bili ya dola 41,000, nikatoa 1,200, bima ya kazini ikamaliza iliyobaki. Huo utamu sitaubeza hata siku moja.

Chakula cha bure mnachokisikia nilikionja mwaka wa pili, kwa sababu mwaka wa kwanza ilikuwa korona na kila mtu alifanya kazi chumbani kwake. Ni kizuri. Ila angalia kinapoanza kutolewa cha jioni: saa kumi na mbili na nusu. Ukiondoka saa kumi na moja kama watu wengine unakikosa.

Sasa niwape kisa kimoja, kitawaonyesha pande zote mbili kuliko nikipanga faida huku na hasara kule.

Mwaka 2021 mama ananipigia. "Mwanangu, hii simu inaniambia OKOA. Nimwokoe nani?" Nikamwambia anitumie picha ya kioo. Kumbe ni programu yetu wenyewe! Kitufe cha kuhifadhi picha, mtu au mashine katafsiri neno la Kiingereza "save" vibaya, badala ya "Hifadhi" kaweka "Okoa". Nikacheka, nikasema hili dogo, kesho asubuhi limeisha.

Faili nililipata kwa dakika kumi. Neno moja, herufi saba. Nikabadilisha, nikapeleka likaguliwe. Mkaguzi wa kwanza akasema yeye hajui Kiswahili, hawezi kuidhinisha. Timu ya lugha wakasema nifungue tiketi, yaani ombi rasmi la kazi, maana watafsiri wao ni wa mkataba na wanapitia Kiswahili mara moja kwa robo mwaka. Walipokubali, ikaja sheria kwamba maandishi ya kitufe hayabadilishwi bila jaribio: nusu ya watumiaji wabaki na la zamani, nusu wapewe jipya, wiki mbili, tuhesabu nani anabonyeza zaidi. Jaribio likaisha katikati ya Novemba, na kuanzia hapo mpaka Januari hakuna kitu kinachotoka, kwa kuogopa kuharibu mambo kipindi cha sikukuu. Jumla miezi minne.

Lakini siku lilipotoka, lilitoka kwa kila mwenye programu ile kwa Kiswahili, Mombasa, Bujumbura, Muscat, wote kwa pamoja. Saa nane usiku kwa saa za Seattle nikampigia mama, kule mchana. Nikamwambia aifungue aangalie. Akanyamaza kidogo, akasema: "Sasa imeandika Hifadhi. Kama ile ya Ruaha?"

Ile raha sijawahi kuipata benki. Na tathmini ya mwaka ilipofika, meneja aliniambia nilifute kwenye orodha ya kazi zangu, neno moja halina uzito, niweke kitu kipya chenye namba. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini makampuni haya kila siku yana kitufe kipya na vya zamani vimeoza. Kutengeneza kilichoharibika hakukupandishi daraja.

Karibuni kwa maswali.

---

Kijasho_Chembamba

Nimekaa pale 🪑

---

Fundi wa Gongo la Mboto

Mkuu hii chai, tena ya maziwa. Dola 200,000 za hisa upewe wewe kwa lipi? Na kama ulizipata mbona upo Ohio kwenye bima?

---

Mpwapwa_Seattle

Fundi, swali zuri sana, na nilitaka kulifikia.

"Umepewa hisa" ni maneno ya kwenye barua. Kwetu mwaka wa kwanza mzima hupati hata moja. Ukifukuzwa mwezi wa kumi na moja umekula hewa. Ukimaliza mwaka robo inaiva, na zilizobaki zinaiva kila miezi mitatu. Kuna kampuni, Amazon kwa mfano, ambayo kwa miaka mingi mwaka wa kwanza ilitoa asilimia 5 tu, wa pili 15, nyingi zikaachwa miaka ya mwisho. Mgeni haangalii hilo, anasoma jumla tu.

Sasa zangu. Mwaka 2021 bei ilipanda, zilizoiva mwaka ule zikawa na thamani ya dola 72,000. Siku zinapoiva serikali inazihesabu kama mshahara. Kampuni ilikata kodi asilimia 22 juu kwa juu, nikadhani nimemaliza. Kumbe kwa kipato changu kipande cha juu kinatozwa 32 na zaidi. Aprili 2022 nikakuta nadaiwa zaidi ya dola 6,000 ambazo sikuziweka pembeni. Nikalipa kwa akiba, sikuuza hisa hata moja, kwa sababu kila mtu ofisini alikuwa anasema kuuza ni ujinga.

Mwaka huohuo bei zikaporomoka. Ndani ya 2022 peke yake Amazon ilipoteza karibu nusu ya bei ya hisa yake, Meta, wenye Facebook, zaidi ya asilimia 60. Zangu nilizobaki nazo baada ya makato, zilizokuwa 56,000, Novemba hazikufika 23,000. Kwa hiyo nimelipa kodi ya ng'ombe mzima, mkononi nina mguu. Hasara yenyewe nilipouza, sheria inaniruhusu kupunguza dola 3,000 tu kwa mwaka kwenye mshahara unaotozwa kodi. Bado naimalizia mpaka leo.

Ushauri wangu, na nitaurudia mpaka mnichoke: zikiiva uza siku hiyohiyo. Mshahara wako, bima yako, viza yako, vyote tayari viko mkononi mwa kampuni moja. Akiba nayo unaiacha humohumo ya nini?

---

Fundi wa Gongo la Mboto

Dah. Nimefuta neno chai. Pole mkuu.

---

Nyota_ya_Kilindini

Salaam aleikum jamaa. Mimi nafanya kazi Nairobi kwenye ofisi ya uhandisi ya moja ya hizi kampuni. Naona mada imeegemea Marekani, na siku hizi huhitaji kupanda ndege. Microsoft ilifungua kituo chake cha uhandisi Nairobi 2019, Google ikatangaza chake 2022. Nakumbuka mwaka ule wenye kampuni changa za Nairobi walilia sana, wahandisi wao walichukuliwa kama maandazi ya moto.

Uzuri wake: hakuna viza. Nikiachishwa leo naenda zangu Mombasa kwa mamangu, hakuna afisa wa uhamiaji anayenihesabia siku. Na Nairobi mshahara huu unakufanya mtu mkubwa mtaani.

Ubaya wake ni saa. Wakubwa wetu wako pwani ya magharibi ya Marekani. Saa tatu asubuhi yao wakati wa baridi ni saa mbili usiku kwetu. Wakija kazini, mimi ndio namaliza kumpa mtoto uji. Mikutano yote yenye maamuzi iko usiku, na usipohudhuria unasikia tu kesho yake kwamba kazi yako imehamishwa timu nyingine. Mume wangu alizoea kusema nimeolewa na watu wawili, yeye na kalenda.

Na jambo hili ndugu mleta mada hukuligusa: ofisi ya mbali hupewa kazi ya mbali. Chombo kikubwa hujengwa makao makuu, sisi tunapewa kipande cha kukitunza. Kupanda daraja kwahitaji mtu wa kukutetea kwenye chumba ambacho humo wewe hukuwemo.

Hiyo ya OKOA imenichekesha. Mimi ningedhani ni Okoa Jahazi, ule mkopo wa salio wa Safaricom, ningebonyeza nikitegemea kredo.

---

Mpwapwa_Seattle

Dada Nyota, hilo la chumba hata sisi tuliokuwa jengo moja nao lilitukuta. Wakati wa tathmini mameneja wanajifungia siku nzima wanalinganisha watu. Meneja wangu alikuwa mpole, haongei sana. Nilifanya kazi vizuri mwaka mzima na bado nilitoka na alama ya kati, kwa sababu aliyenitetea hakupaza sauti. Rafiki yangu Mhindi aliniambia mapema: kabla ya kuchagua kazi chagua meneja. Nilimpuuza.

---

Wakili_wa_Mtandaoni

Mleta mada, ulipigwa panga ukiwa na viza gani? Wengi hapa wanadhani ukifukuzwa una siku 60 kisha unakamatwa. Fafanua, usipotoshe umma.

---

Mpwapwa_Seattle

Sawa wakili, nafafanua kilichonikuta mimi.

Nilianza kazi kwa kibali cha mwanafunzi aliyehitimu: mwaka 1, halafu unaongezewa miaka 2 kama umesoma sayansi au uhandisi. Ndani ya muda huo kampuni inakuingiza kwenye bahati nasibu ya H-1B, viza ya kazi ya wataalamu. Nafasi ni 65,000 kwa mwaka, na 20,000 za ziada kwa waliosoma shahada za juu palepale Marekani. Machi 2021 jina langu halikutoka. Machi 2022 likatoka, viza ikaanza kazi Oktoba. Miezi mitatu baadaye, panga.

Ilikuwa alfajiri. Nafungua laptopu nijibu barua moja, inanikataa nenosiri. Najaribu mara tatu. Najaribu ya simu, na yenyewe imefutwa. Ndipo nikaangalia barua pepe yangu binafsi, nikakuta imeandikwa kwa upole mwingi sana. Mwezi ule Google ilitangaza kupunguza watu 12,000, Microsoft 10,000, Amazon 18,000, kwa hiyo sikuwa na hata sababu ya kujiona mkosi. Vitu vyangu vya mezani vililetwa kwa posta wiki tatu baadaye: sweta langu, chaja, na kikombe cha mtu mwingine.

Kuhusu siku: walituacha kwenye orodha ya mishahara miezi miwili bila kufanya kazi. Siku 60 za uhamiaji zikaanza kuhesabiwa mshahara ulipokoma. Kwa hiyo kiuhalisia nilikuwa na kama miezi minne. Lakini mwenzangu wa kampuni ndogo alifukuzwa na mshahara ukakatwa siku ileile, yeye alikuwa na 60 kavu. Uliza hilo kabla hujalia.

Hii kazi ya Ohio niliipata zikiwa zimebaki siku 9. Nilikuwa nimeshauza kitanda.

Na nyingine: grini kadi ya kupitia kazi ilikuwa ndiyo imeanza kuandaliwa. Kampuni ikishapunguza watu, sheria inaitaka kwanza iwafikirie iliowapunguza wa kazi hiyohiyo kabla ya kudai hakuna Mmarekani anayeiweza, ndiyo maana nyingi zilisimamisha maombi yale 2023. Sisi wa Afrika Mashariki foleni yetu si ya kutisha kama ya Wahindi wanaongoja miaka na miaka, lakini foleni ikifungwa, imefungwa kwa wote.

---

Wakili_wa_Mtandaoni

Hapo sawa. Umeeleza vizuri.

---

Mtu_wa_Beji_Nyingine

Nawasoma kimya kimya mpaka nimeshindwa. Mnaongea kama kila anayefanya kazi ya kampuni kubwa ana hisa. Mimi niliifanyia kazi kampuni kubwa kwa miezi 14 hapa Nairobi na sikuwahi kuwa mfanyakazi wake. Niliajiriwa na wakala. Kazi: kuchuja video ambazo watu wameziripoti. Sitaeleza nilichokiona, wengine mnakula.

Mnaona video zimetoweka kwenye simu zenu mnadhani mashine imezifuta. Kuna mtu kaziangalia mpaka mwisho ndipo zikafutwa. Tulihesabiwa sekunde. Mnasihi alikuwepo, wa watu wote ghorofa nzima. Nilipoacha kazi, barua ya utambulisho iliandikwa jina la wakala, na kila ninapoomba kazi nyingine wananiuliza hiyo ni kampuni ya nini.

Mleta mada timu yenu ya lugha, hao watafsiri wa mkataba waliokuchelewesha robo mwaka, uliwahi kuwauliza wanalipwa kiasi gani?

---

Mpwapwa_Seattle

Ndugu yangu, sikuwahi kuwauliza. Nilikuwa nawalaumu.

Hata majina yao siyajui, kwenye tiketi waliandika "timu". Mei 2019 gazeti la New York Times liliandika kwamba Machi mwaka ule Google ilikuwa na watu wa mkataba na wa muda wapatao 121,000 wakati waajiriwa kamili ni 102,000. Nililisoma nikiwa chuoni nikapita. Kwetu beji zilikuwa rangi mbili, na wenye rangi ya pili hawakuja kwenye sherehe za mwisho wa mwaka. Nilidhani hawapendi.

---

Wakili_wa_Mtandaoni

Kwa faida ya wasomaji: mwaka 2023 wachuja maudhui zaidi ya 180 walifungua kesi Nairobi dhidi ya Meta na mawakala wake, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya ikasema Meta inaweza kushtakiwa Kenya. Anayetaka kuijua hiyo sekta aanzie hapo.

---

Baharia wa Kijitonyama

Mpwapwa, mimi ndiye uliyeniacha benki 2018, nadhani umeshanijua. Wewe ulikwenda, mimi nikafungua ofisi yangu na wenzangu wawili. Miezi hiyo minne uliyokuwa unabadilisha neno, sisi tuliandika mfumo mzima wa mikopo ya vikoba, menyu ya kitochi na kila kitu. Nauandika usiku, asubuhi niko Kariakoo nauonyesha kwa mama ntilie, mchana narekebisha alichokataa.

Sasa usinionee wivu haraka. Mteja wetu mkubwa ametulipa baada ya miezi saba. Kuna mwezi nililipa wafanyakazi kwa kuuza pikipiki. Bima ya afya ya kwangu ni maombi. Nikiugua kidole tumbo hapa nitachangiwa kwenye kundi la WhatsApp na wewe utakuwa wa kwanza kutuma.

Ila nikuulize kwa dhati: ulipotoka kule, ulitoka na ujuzi gani?

---

Mpwapwa_Seattle

Nimekujua, Baharia. Salimia nyumbani.

Swali lako lilinikuta kwenye usaili wa Ohio. Wananiuliza, "Seva mnaziwekaje, mnazifuatiliaje?" Nikajikuta sina jibu. Kule kila kitu ni chombo chao cha ndani, wamekitengeneza wenyewe, kina jina la utani, hakipatikani duniani kokote. Unabonyeza, kazi inatoka. Miaka miwili na nusu nilikuwa bingwa wa vyombo visivyokuwepo. Nilirudi kujifunza vitu ambavyo wewe umevijua tangu 2019.

Nilichotoka nacho ni kusoma kazi ya mtu na kusomewa yangu. Kule hakuna mstari unaoingia bila mwingine kuupitia, awe mkubwa kiasi gani. Mwezi wa kwanza nilipeleka mistari 11 nikarudishiwa maoni 23, mengi ya mzee mmoja aliyekuwa anaandika programu tangu sijazaliwa. Moja lilisema tu: "Na jina la mtumiaji likiwa tupu?" Benki tulikuwa tunaandika, tunapeleka, tunaomba Mungu. Hilo somo la yule mzee ningelilipia. Ukipata watu wa namna hiyo, miaka miwili ya kwanza ina faida ambayo Kijitonyama hamtaweza kumpa kijana, samahani. Baada ya hapo nilikuwa nangoja hisa ziive, basi.

---

Dogo_CoICT

Shikamooni wakubwa. Mimi mwaka wa nne hapa CoICT, ndaki ya TEHAMA ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Kijitonyama. Nimesoma wote, sasa nimechanganyikiwa zaidi. Kaka Mpwapwa, kwa hiyo niende au nisiende?

---

Mpwapwa_Seattle

Marahaba mdogo wangu. Nenda, ila nenda kama mtu aliyekodi chumba.

Njia niliyopita mimi imekuwa nyembamba. Septemba 2025 ombi jipya la H-1B kwa mtu aliye nje ya Marekani liliwekewa ada ya dola 100,000, hakuna kampuni itakayokulipia hiyo ukiwa hapo Kijitonyama. Aliyeko ndani kama mwanafunzi na kubadilishiwa hadhi hilo halikumgusa, kwa hiyo shule bado ni mlango. Nairobi nayo ni mlango, muulize dada Nyota.

Usaili ni mazoezi kama mpira. Vipindi vinne au vitano vya dakika 45, unatatua fumbo huku unaongea. Wabongo tunafeli hapo kwenye kuongea, tunanyamaza tukipiga hesabu kichwani. Jizoeze mbele ya kioo, hata kama wenzako chumbani watakucheka.

---

Nyota_ya_Kilindini

Dogo nitafute pembeni. Na ukiitwa usaili hakikisha saa ni ya wapi. Binamu yangu aliandikiwa saa tisa za Kizungu akajiandaa saa tisa zetu, mchana kweupe. Wenyewe walimngoja asubuhi mpaka wakafunga simu.

---

Kijasho_Chembamba

Nimesimama kutoka pale nilipokaa kwa sababu moja tu. Mkuu hukutaja kampuni, lakini nimeshahisi programu ni ipi. Nimeifungua sasa hivi, nikaiweka Kiswahili, nikafungua picha.

Imeandika OKOA.

---

Mpwapwa_Seattle

Acha utani.

---

Kijasho_Chembamba

Naapa. Nimekutumia picha ya kioo pembeni.

---

Mpwapwa_Seattle

Nimeiona. Ndiyo yenyewe.

Timu ya lugha ilifyekwa yote Januari ile ile, wa beji zote mbili. Ngoja nimpigie mama kabla hajanipigia.